Kichwa na Mguu wa Teri

Goreti, mwana wa mkubwa wangu,

Kesho bandarini nitakuomba usifungue bahasha hii mpaka meli iwe imeondoka kabisa, na ninakujua, utaifungua kabla sijamaliza kupunga mkono. Kama ndivyo, geuka kwanza. Kama bado unaniona, kunja karatasi. Nataka unisome ukiwa mahali ambapo huwezi kunirudia, na mimi siwezi kukushika mkono nikaanza kupamba maneno.

Naandika saa tisa mchana, nyuma ya nyumba yangu hapa Gasenyi, Bujumbura, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Kule kwenu Carama wanafikiri nimekwenda kutafuta kamba ya kufungia godoro lako. Kamba nimeipata tangu asubuhi. Mambo ya chandarua, na maji ya kuchemsha, na usilale na simu chini ya mto, mama yako ameyasema mara tatu na shangazi zako watayasema tena jioni. Mimi siyarudii. Mimi nina moja tu, nalo limenikaa kooni tangu uliponionyesha ile barua ya kazi.

Kazi unayoiendea niliijua kabla hujaota meno. Watu wa hapa wakisikia mgodi wa makaa ya mawe wanafikiria shimo. Shimo ni nusu. Ukichimba makaa, kila kikapu cha makaa kinakuja na vikapu vingine vya mawe, udongo, na ule unga mweusi ambao hakuna anayeununua. Taka hizo lazima zilale mahali. Kule tuliziita teri, neno la Kifaransa tulilolimeza hivyo hivyo, yaani mlima wa taka za mgodi. Watu wanadhani mlima ule unajimwagikia wenyewe. Apana. Unajengwa, kama nyumba, na ukiujenga vibaya unatembea. Wewe umeyasoma hayo miaka yote kule chuoni Mutanga Sud, kwa michoro na hesabu. Mimi niliyasoma kwa magoti.

Nilikuwa kapita, msimamizi wa watu arobaini, na mabega yangu hayakuingia mlango wa buro, ofisi ya mgodi, bila kugeuka upande. Makaa niliyatambua kwa ulimi: nililamba jiwe nikakuambia kama litawaka au litafuka moshi tu. Siku moja kamyo, yaani lori, iliyojaa mawe ilianza kurudi nyuma kwenye mteremko. Nilishika kamba yake, nikajizungushia kiunoni, nikakita visigino, ikasimama. Na teri ilipoanza kuungua kwa ndani, maana unga wa makaa ukipata hewa unajiwasha bila kiberiti, ni mimi niliyechoma mahindi juu yake, yakaliwa na zamu nzima. Hizi unazijua. Umekua nazo. Ulikuwa unanidai nizirudie, hasa ile ya siku teri ilipoanguka, nilivyokimbia mbele ya mlima nimebeba watu wawili, mmoja kila bega. Hiyo tutairudia.

Kwanza nikuambie ninachoshuku.

Yule bwana aliyekuja kukuhoji, ulisema ni mpole sana. Niliketi naye barazani wakati mama yako anatafuta soda. Nilimtazama miguuni. Mtu wa teri ana buti zenye mstari mweusi usiotoka hata ukizichemsha. Zake zilikuwa safi mpaka kwenye kamba. Nikamuuliza kama siku hizi wanapanga taka kwa matabaka na kuyashindilia moja moja, au bado wanamwaga tu kutoka juu. Alicheka kabla sijamaliza, akasema, "Mzee, binti yako njo atatuambia," yaani ndiye. Mtu anayecheka kabla swali halijaisha, swali lenyewe hakulitaka.

Halafu karatasi. Imeandikwa kwamba utakuwa responsable wa uthabiti wa teri. Mama yako alifurahi, akalipeleka neno hilo sokoni mpaka kwa wauza ndagala. Mimi nililigeuza juu chini. Neno hilo kwa Kifaransa lina milango miwili: ukiingilia huu wewe ni mkubwa wa kazi, ukiingilia ule wewe ndiye wa kulaumiwa. Mainjeniya wenye mvi wanao kulekule. Kwa nini wavuke ziwa zima kumtafuta binti aliyemaliza chuo juzi, asiye na ndugu katika mji ule? Labda ni kwa akili zako. Unazo, na umezitoa upande wetu. Lakini labda wanachotafuta ni sahihi tu, na sahihi ya mgeni haina wa kuja kuulizia.

Na ramani. Siku ile ulitandaza mbili mezani, ya zamani na ya mchoro mpya, ukanionyesha kwa fahari mahali teri mpya itakapokaa. Nilinyamaza, ukafikiri sikuelewa, ukaanza kunieleza polepole kama mtoto. Nilielewa. Kwenye ile ya zamani kuna mstari mwembamba wa bluu unaoshuka kati ya vilima viwili. Kwenye mpya haupo. Kijito hakikauki eti kwa sababu mtu amekifuta karatasini. Na bonde lile nalijua, Goreti. Ni bonde letu, nyuma ya Kalemie. Wanataka kuweka mlima mpya juu ya mabaki ya ule wa zamani.

Na hapa ndipo naanza. Mtu wa kwanza wa kumshuku katika barua hii ni mimi.

Tulifika kule tukikimbia vita, mimi na baba yako na mama yako. Wewe ulizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, ukaletwa Bujumbura mgongoni, kwa hiyo hukumbuki kitu. Anselmi, baba yako, alikuwa mkubwa wangu, alinizidi miaka mitatu. Tulipokuwa wadogo yeye aliacha shule darasa la tatu, akabeba matofali, ili mimi niendelee mpaka la sita. Ndiyo sababu mimi nilijua Kifaransa kidogo na yeye hakujua. Ndiyo sababu mimi nilikuwa kapita, na yeye alisimama juu kwenye kichwa cha teri, na kitambaa chekundu mkononi, akiwaonyesha madereva wa kamyo pa kumwaga.

Lakini kama kuna aliyeijua teri ile, ni yeye. Injeniya wetu alikuwa mgeni asiyejua neno la Kiswahili. Tulimwita Bwana Miwani. Kabla ya kujenga, alitufanya tukwangue udongo laini wote mpaka kwenye mwamba, tupange mawe makubwa chini, kwenye mkondo wa kijito, ili maji yapite bila kuulowesha mlima, na tuchimbe mitaro upande wa juu ili mvua izunguke. Mimi nilipiga kelele. Anselmi alipita nyuma yangu akiyashika mawe kwa mkono, moja moja, kuona kama yamekaa. Mahali pamoja, upande wa matete, mawe yaliisha, na Bwana Miwani hakuwepo. Nikasema watie udongo, tusonge mbele. Anselmi akasema maji yatatafuta njia. Nikamjibu, "Maji yatazoea." Watu walicheka sana. Hata leo nikilisema mahali watu wanacheka, na mimi ndani nakuwa baridi.

Baadaye alipigilia vigingi kwenye ubavu wa teri, kwa mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Kila asubuhi alipiga goti, akafumba jicho moja, akatazama kama mstari bado umenyooka. Wakamwita Fundi Jicho Moja. Mimi ndiye niliyelitunga jina hilo. Hakukasirika. Alisema mlima haupigi kelele ukitaka kuondoka, lakini kigingi kitasogea.

Msimu wa mvua, vigingi vya katikati vikateremka upana wa kiganja. Juu kichwani ukatokea ufa, ungeweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Chini mguuni, pale mlima unapokanyaga bonde, udongo ulikuwa umevimba. Anselmi alinijia mbio. Bwana Miwani akaja, akautazama ufa, akautazama mguu, na kwa kuwa alikuwa anawahi meli ya mitambo Kalemie, alisema huku mguu mmoja uko ndani ya gari:

"Déchargez la tête, chargez le pied."

Akanitazama mimi. "Compris?" Umeelewa?

Nikasema, "Oui, chef." Ndiyo, bwana.

Wewe umekwisha elewa alichosema. Punguzeni mzigo kichwani, ongezeni mzigo mguuni. Toeni juu, wekeni chini, mlima utulie. Lakini décharger niliyoijua mimi ilikuwa ya kamyo. Kutwa nzima nilisikia hiyo: déchargez, mwageni, chargez, pakieni. Sikujua kwamba neno lile lile linaweza kuwa la kumpumzisha mtu aliyebeba. Nikapanda juu ya pipa ili wanione vizuri, nikatafsiri kwa sauti yangu ile unayoijua: "Amesema tumwage kichwani, tupakie mguuni."

Yaani juu, penye ufa, tuongeze mawe. Na chini, kwenye mguu unaoshikilia kila kitu, tuchote.

Watu walitazamana. Ngoy, mtu wa Kalemie, baba wa watoto wanne, aliyekuwa akifanya kazi chini kule, aliuliza polepole, "Shefu, mawe ya chini njo yanashika mulima. Tukiyapakia, tunayapeleka wapi?"

"Juu."

"Juu kwenye umepasuka?"

Nikamwambia, "We Ngoy, Kifaransa umesomea wapi? Kwa mama mukwe?"

Wakacheka wote. Ngoy naye akacheka, akachukua beche lake, yaani sepetu, akaenda mguuni. Alikuwa ameuliza swali la injeniya, na mimi nikalifanya kichekesho.

Anselmi hakucheka. Alinivuta kando. "Salvatori, una hakika?"

Nikamjibu, "Mi nimesoma. We umesoma?"

Nimewahi kupigwa, nimewahi kufungiwa na askari, nimewahi kung'atwa na mbwa wa polisi mpaka mfupa, na makovu unayajua. Lakini hakuna kitu kinachonirudia kama uso wa mkubwa wangu saa ile. Darasa la sita nililomrushia usoni lilikuwa limetoka mgongoni kwake. Aligeuka, akapanda juu, akainua kitambaa chake chekundu.

Ningeweza kuuliza. Buro kulikuwa na karani aliyejua Kifaransa vizuri, mwendo wa dakika kumi. Lakini kumwendea karani ilikuwa kusema mbele ya watu arobaini kwamba kapita hajui. Nikabaki juu ya pipa langu siku mbili, nikihimiza.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Anselmi alipiga filimbi. Katika hadithi yangu mlima ulinguruma kama radi, unakumbuka, nilikuwa nagonga meza. Haukunguruma. Ulikaa chini, kama mtu mnene anayeketi, halafu miguu ikamteleza. Tope jeusi, zito kama ugali, likatoka upande wa matete, pale maji yalipokataa kuzoea. Anselmi alikuwa anateremka mbio kandokando ya mlima, anapiga filimbi, anavuta watu. Wale wawili wa mabegani, Goreti, ni yeye aliyewatoa. Aliwaburuta kwa kola. Mimi nilikimbia, hiyo ni kweli. Nilikimbia mikono mitupu, na nilikuwa wa kwanza kufika kwenye barabara. Kamyo niliyoisimamisha kwa kiuno, dereva alikuwa amekanyaga breki. Kulamba makaa kila mtu alilamba. Mahindi ni ya kweli. Mahindi niachie.

Ngoy hakutoka. Tulimfikia jioni.

Kama ingeishia hapo, ningekuwa mjinga aliyekosea neno, na ujinga wangu ningeukubali hata kanisani. Haikuishia hapo. Bwana Miwani alirudi, akaona juu tulipojaza, chini tulipochota. Kwanza alilia, mtu mzima. Halafu akaanza kuonyesha kwa mikono, anakwangua hewa juu, anarundika hewa chini, anarudia maneno yale yale sita. Hapo ndipo nilipoelewa. Akatukusanya mbele ya buro, akauliza kwa Kifaransa: nani aliyesema mmwage juu?

Karani alikuwa ndani anaandika habari za Ngoy. Wa kuwatafsiria watu swali lile nilikuwa mimi.

Mara ile nilielewa kila neno. Nikageuka, nikawaambia, "Anauliza, nani alikuwa anasimama juu akionyesha kamyo pa kumwaga."

Anselmi akainua mkono. "Ni mimi," akasema.

Watu hawakuona ajabu. Wao walijua amri ilitoka kwa Bwana Miwani mwenyewe, na kweli Anselmi ndiye aliyekuwa juu. Bwana Miwani yeye aliona mkono umeinuliwa. Mimi peke yangu nilijua kilichopita kati ya pande mbili, na nilikaa kimya, na jua lilikuwa kali, na nakumbuka nilifuta jasho kwa mkono wa shati. Anselmi akafukuzwa siku ile ile. Kwenye kitabu cha mgodi iliandikwa kwamba teri iliangushwa na mwonyeshaji wa kamyo, aliyemwaga pasipo amri. Mimi niliambiwa nibaki. Wiki iliyofuata nikaacha kazi, nikawafuata ninyi, na hapa Bujumbura nikasema niliacha kwa heshima ya ndugu yangu. Watu walinisifu.

Neno lilivuka ziwa kabla yetu. Carama wamejaa watu wa ng'ambo, unawajua. Wakamwita Angusha-Mlima. Uliwahi kurudi nyumbani na mkono wa gauni umechanika kwa kupigana na msichana aliyekuita mtoto wa Angusha-Mlima, na baba yako, akiwa anamwagilia lengalenga zake bustanini, akakuambia usipigane, sababu ni kweli alikuwa amesimama pale. Nilikuwepo. Nilishika ndoo nyingine, nikamsaidia kumwagilia. Ndivyo nilivyomsaidia, miaka yote: nilishika ndoo nyingine. Na ulipochagua somo lako, mwalimu wako alinisimulia ulivyomwambia, kwamba unataka kujua baba yako alikosea wapi. Umetumia miaka mitano kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Sasa kumbuka Jumapili moja, ulikuwa darasa la tisa au la kumi. Tumetoka misa. Wewe uko mezani na kamusi ya shule, yeye amelala kwenye mkeka kwa ajili ya kile kikohozi. Akasema, "Goreti, nitafutie décharger." Ukasoma kwa sauti: kushusha mzigo uliobebwa. Kidole kikateremka, ukasoma la pili: kukipunguzia kitu uzito, kukiondolea mzigo. Akakuomba urudie la pili. Ukarudia. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya bia. Akanitazama, akasema, "Basi. Lilikuwa neno gumu." Akakwambia uendelee na kazi yako.

Ulidhani anajifunza Kifaransa. Ulimcheka kwa upendo.

Alinisamehe neno. Lakini alilonisamehe lilikuwa la kwanza. La pili, lile la mbele ya buro, sikumwambia, na baada ya miezi michache tukamzika. Tangu hapo najiuliza kama alilijua. Kifaransa hakujua, lakini mimi alinijua. Siku nyingine nashuku kwamba mkono ule aliuinua akijua kabisa alichoulizwa, na hapo nakosa mahali pa kukaa.

Basi unaona kwa nini nashuku kila kitu. Aliyewahi kugeuza swali anaona maswali yote yamegeuzwa. Labda yule bwana ni mtu mwema mwenye buti mpya. Labda mchoraji alisahau mstari wa bluu. Sijui. Usiniamini hata mimi, nenda ukaone. Ngojea kiangazi, ushuke mguuni mwa teri ya zamani, usipande gari lao, tembea. Ukiona matete mabichi pale ambapo kila kitu kimekauka, ndipo. Chimba shimo la kimo chako, uliache, urudi kesho yake. Likiwa na maji, kijito bado kipo. Ukiona maji yanayotoka yana rangi ya kutu, usiwaache wanakijiji wa chini waendelee kuyachota eti kwa sababu buro wamesema ni udongo tu. Watakuambia mabomba yalishawekwa chini, omba uyaone. Watakuambia mvua inakuja, saini kwanza, mambo mengine baadaye. Usisaini. Wakikurudisha nyumbani kwa hilo, mimi nitakupokea bandarini kwa vigelegele, peke yangu, mwanamume mzima, na bandari yote itanisikia.

Na kuna kitu ambacho hakimo kwenye michoro yako. Mabwana wa sasa wana lugha yao, wafanyakazi wana ya kwao, na katikati atakuwepo mtu kama mimi. Ana sauti, ana vichekesho, watu wanampenda, amefika darasa la sita. Utampenda na wewe. Ukimpa amri atasema "ndiyo, injeniya" kabla hujaimaliza. Mwambie akurudishie kwa Kiswahili alichosikia. Akikasirika, akasirike. Na siku mtu wa chini atakapouliza kitu polepole, na wengine wakaanza kucheka, wewe usicheke. Msogelee.

Nilisema kamba nimeipata. Ile ya godoro shangazi yako anayo. Yangu ni ya nailoni ya kijani, ile baba yako aliyonyooshea vigingi, nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya soksi. Ina mafundo mawili. Usiyafungue, alikuwa na sababu zake.

Kule kuna wazee watakaokuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ukisema Anselmi, mmoja atasema, aa, yule aliyeangusha teri. Waambie Anselmi alitii amri, na amri ilikuwa ya mdogo wake. Taja jina langu. Na Ngoy aliacha watoto. Sasa ni watu wazima, mji si mkubwa, utawapata. Waambie baba yao aliuliza swali zuri, na kapita akamfanya achekwe. Waambie hivyo hivyo. Usinitetee.

Mama yako hajui lolote kati ya haya. Miaka yote amenipikia, amenikalisha kiti cha mkubwa wangu, ananiita nguzo ya nyumba. Barua hii nimeiandika mara mbili, vidole vimekufa ganzi. Kesho meli ikishatoka nitamrudisha Carama, tutaketi barazani, nitampa maji, nitafungua nakala yangu. Huenda akanifukuza. Huenda nisikanyage tena kwenu, na ukipiga simu usinikute. Lakini nitamsomea mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na mara hii sitatafsiri.

Mdogo wa baba yako,
Salvatori